Namna ya Kusoma Tangazo la Muziki kwa Jicho: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza huwa ni yale yale. Nyekundu ina maana gani? Kwa nini msanii kageuza uso? Herufi zilizochorwa kama moto zinasema nini? Mwongozo huu ni wa mtu aliye na tangazo moja mbele yake, awe mwanafunzi aliyepewa kazi ya kulichambua, mbunifu anayejifunza kutengeneza mabango, au msanii anayetaka kujua kama bango alilochorewa linasema kile anachoimba. Ukifuata hatua hizi utaweza kueleza tangazo linasema nini, na utaweza kuonyesha kwa kidole mahali maana hiyo inapotoka.

Kuna jambo moja la kulishika tangu sasa, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Usiulize "rangi hii ina maana gani?" Uliza "rangi hii ingekuwa nyingine, ni nini kingebadilika?" Swali la kwanza hukupeleka kwenye orodha za kukariri: nyekundu ni mapenzi, nyeusi ni huzuni, nyeupe ni usafi. Orodha hizo hazifiki mbali. Nyekundu ileile huwa mahaba kwenye bango la nyimbo za mapenzi na huwa ghadhabu kwenye bango la roki. Nyeupe ni ya bibi harusi katika nchi nyingi, lakini China na India imekuwa rangi ya msiba kwa vizazi na vizazi. Swali la pili hukurudisha kwenye tangazo lililo mbele yako, nalo ndilo lenye majibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tangazo lenyewe, kwa ukubwa wake halisi au unaokaribia. Kama lilitengenezwa kwa ajili ya simu, litazame kwenye simu. Kama ni bango la ukutani, libandike na usimame mbali nalo.
- Wimbo, albamu au tamasha linalotangazwa. Uwe nalo tayari, ila usisikilize bado.
- Matangazo mengine matano au sita ya aina hiyohiyo ya muziki, ya kipindi kinachokaribiana.
- Karatasi, kalamu, na vipande vya karatasi nyeupe vya kufunikia sehemu za tangazo.
- Programu yoyote ya picha inayoweza kuondoa rangi, kubadilisha rangi na kukata picha. Zile za kawaida za simu zinatosha.
- Mtu mmoja ambaye hajawahi kuliona tangazo hilo.

Usiache lile fungu la matangazo mengine. Wengi huona ni kazi ya ziada wakaanza bila hilo, kisha hukwama katikati bila kujua kilichowakwamisha.

Hatua ya 1: Litazame kwa sekunde tano, kisha ulifunike

Andika unachokumbuka kwa mpangilio kilivyokujia: kwanza niliona hiki, halafu kile. Usirekebishe. Kisha andika ni muziki gani unaoutarajia. Wa haraka au wa taratibu? Wa kelele au wa utulivu? Wa kuchezwa ukumbini au wa kusikilizwa peke yako usiku? Hifadhi karatasi hiyo, tutairudia.

Sekunde hizi tano ndizo zilizo karibu zaidi na maisha halisi ya tangazo. Hakuna anayekaa na bango nusu saa. Watu wanapita, au wanalisogeza kwa kidole gumba. Maana ya kwanza inapatikana hapo, kabla mtu hajasoma neno hata moja.

*Kosa la kawaida:* kuanza kwa kusoma jina la msanii. Ukishalisoma, unachokijua kuhusu msanii huyo kitaanza kukujazia maana ambazo hazimo kwenye picha.

Hatua ya 2: Tafuta kinachotangulia

Finya macho mpaka herufi zisisomeke, au ipunguze picha iwe ndogo kama ukucha. Kinachobaki kuonekana ndicho kinachoongoza. Jicho huvutwa na ukubwa, na mwanga unaotofautiana sana na ulio jirani yake, na rangi iliyo peke yake, na kitu kilichozungukwa na utupu. Uso wa binadamu una nguvu ya ziada: hata ukiwa mdogo, jicho huutafuta.

Sasa panga ngazi tatu. Ni nini kinasema kwanza, kipi kinafuata, na kipi kimeachwa kwa atakayekaribia? Mpangilio huo ni taarifa kamili kuhusu hadhira. Jina kubwa bila picha linamwambia msomaji: unamjua, hatuna haja ya kukuonyesha. Uso mkubwa na jina dogo ni utambulisho, au ni kuuza sura. Tarehe na ukumbi vikiwa juu, tangazo linasema njoo. Jina la albamu likiwa juu, linasema nunua au sikiliza.

Angalia bango la Henri de Toulouse-Lautrec la mwaka 1891 kwa ajili ya Moulin Rouge, ukumbi wa dansi wa Paris. Nyuma kuna umati uliochorwa kama kivuli kimoja cheusi. Mbele kuna mwanaume wa kijivu, naye ni kivuli. Katikati yuko mchezaji dansi aliyeinua mguu, na sketi yake ya ndani ni nyeupe. Weupe ule uliowekwa katikati ya giza ndio unaolibeba bango lote. Jina la ukumbi limerudiwa mara tatu, lakini unaifikia dansi kabla ya jina. Jaribu kubadilisha: umati ungechorwa kwa sura na rangi, mtu mmoja mmoja, jicho lingetawanyika na mchezaji angekuwa mmoja tu miongoni mwa wengi. Kwa kuwa ni kivuli, umati unakuwa ndio sisi watazamaji.

Hatua ya 3: Orodhesha kilichopo bila kukitafsiri

Gawa karatasi sehemu mbili. Kushoto andika "Naona", kulia "Nadhani". Jaza kushoto kwanza, yote, kulia kubaki patupu.

"Mwanamke amesimama, kageuza uso kushoto, koti jeusi, ukuta wenye nyufa, mwanga unatoka juu" ni maneno ya kushoto. "Mwanamke mpweke" ni ya kulia. Upweke hauonekani, umeukisia kutokana na ukuta, mwanga na uso uliogeuzwa, na kazi yako ni kuonyesha njia uliyopita hadi kuufikia.

Orodhesha na kisichokuwepo. Msanii hana ala mkononi? Hakuna jina? Hakuna mtu kabisa? Jalada la mbele la albamu ya kwanza ya Joy Division, lililobuniwa na Peter Saville mwaka 1979, halina jina la bendi wala la albamu: ni mistari myeupe kwenye usuli mweusi. Aliyelikuta dukani alilazimika kulichukua na kuligeuza. Kutokuwepo kwa jina kulikuwa kauli.

Hatua ya 4: Msome mtu aliye kwenye picha

Kama hakuna mtu, ruka. Kama yupo, kaa hapa kwa muda, maana hadhira nayo hukaa hapa.

*Macho.* Anakutazama au hakutazami? Anayekutazama anakudai kitu: anakualika, anakupa changamoto, anakuomba. Asiyekutazama amekuacha umtazame wewe, kana kwamba yuko kwenye mawazo yake na wewe umemchungulia. Funika macho kwa kipande cha karatasi kisha uone ni kiasi gani cha tangazo kimekufa.

*Umbali.* Uso uliojaza picha ni ukaribu, kama wa mtu anayekueleza siri. Mwili mzima unakuonyesha mavazi, mkao na miondoko, ndiyo maana matangazo ya muziki wa kuchezwa hupenda kuonyesha miguu. Mtu mdogo ndani ya mandhari kubwa ameachia mahali paseme badala yake.

*Pembe ya kamera.* Kamera iliyo chini ikitazama juu humkuza mtu. Iliyo juu humpunguza. Iliyo sawa na macho yake humfanya mwenzako. Lakini usiziandike kanuni hizi kama sheria. Msanii aliyepigwa kutoka juu huku akicheka na kunyoosha mikono hajawa mnyonge. Pembe ileile imefanya kazi ya furaha kwa sababu mwili wake umesema hivyo. Pembe husomwa pamoja na mwili, na mwili pamoja na mavazi.

*Kundi.* Bendi ikiwa imesimama mstari mmoja, wote ukubwa sawa, inasema sisi ni kitu kimoja. Mmoja akiwa mbele na wengine wamefifia nyuma, umeambiwa nani anauzwa. Angalia pia nani anamgusa nani.

*Mkato.* Mahali picha ilipokatwa ni uamuzi wa mtu. Reid Miles, aliyebuni majalada ya lebo ya jazi ya Blue Note kuanzia katikati ya miaka ya 1950, alizipokea picha za Francis Wolff, nyingi zikiwa zimepigwa wanamuziki wakiwa kazini studio, akazikata bila huruma: nusu ya uso, mkono na saksafoni, jicho na moshi. Picha hiyohiyo ingewekwa nzima, na mwanamuziki akiwa amesimama kwa ajili ya kamera, ingesema huyu hapa ni nyota. Ilivyokatwa inasema muziki unaendelea na wewe umefika katikati. Ndiyo mfano ninaompa kila mtu anayedhani kukata picha ni kazi ya kupunguza tu vitu visivyohitajika.

Hatua ya 5: Zisome herufi kama picha

Ligeuze tangazo juu chini. Sasa herufi hazisomeki kwa urahisi, na umbo lake linaonekana. Jiulize: ni nene au nyembamba? Zimenyooka au zimejipinda? Zimeandikwa kwa mkono au kwa mashine? Zimebanana au zimeachiana nafasi? Zinaonekana za zamani au za leo? Andika majibu kwenye safu ya kushoto, ndipo uligeuze tena.

Mifano mitatu inatosha kuonyesha herufi zinaweza kufika wapi.

Mwaka 1966, huko San Francisco, Wes Wilson alikuwa akichora mabango ya matamasha ya ukumbi wa Fillmore. Herufi zake zilivimba, zikajipinda na kujaza kila pengo, mpaka kusoma tarehe ikawa kazi. Chanzo chake kilikuwa herufi za Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa biashara angesema bango lisilosomeka limeshindwa. Lakini ugumu ule ulikuwa mlango: aliyekuwa tayari kusimama na kulifumbua ndiye aliyealikwa.

Mwaka 1977, Jamie Reid aliwatengenezea Sex Pistols, bendi ya panki ya Uingereza, majina na maneno ya herufi zilizokatwa magazetini, kila moja ya ukubwa na umbo lake, kama barua ya mtekaji anayedai fedha. Kabla ya kusoma, umeshajua kwamba kitu hiki kimetengenezwa kwa mkono, kwa gharama ndogo, bila kumwomba mtu ruhusa. Ndivyo muziki wao ulivyodai kuwa.

Na nembo za bendi nyingi za "black metal", aina ya roki kali na ya giza, zimechorwa kama mizizi na matawi, pande mbili zikilingana, wala mgeni hazisomi. Shabiki hazisomi pia. Anazitambua, kama mtu anavyotambua sahihi ya anayemfahamu.

Ukibadilisha herufi za Fillmore ukaweka herufi nyofu zilizopangwa vizuri, unapata tangazo la mkutano. Fanya jaribio hilo kwa tangazo lako: andika jina la msanii kwa fonti tatu tofauti, ulibandike juu ya lile la mwanzo, utazame muziki unavyobadilika masikioni mwako.

*Kosa la kawaida:* kutaja jina la fonti na kuishia hapo. "Wametumia Helvetica" ni taarifa. Uchambuzi unaanza unapoeleza kwa nini tangazo lingesema kingine kama wasingeitumia.

Hatua ya 6: Jaribu rangi kwa kuzibadilisha

Kwanza ondoa rangi zote, tangazo libaki jeusi na jeupe. Kinachotangulia katika hatua ya 2 bado kinatangulia? Kama ndiyo, rangi zinabeba hisia, na mpangilio unabebwa na mwanga. Kama tangazo limekuwa uji wa kijivu, rangi ndizo zilizokuwa zikishikilia kila kitu.

Pili, badilisha rangi inayotawala. Programu nyingi zina kitelezi cha kugeuza rangi zote kwa pamoja, kisogeze taratibu. Utafika mahali ambapo tangazo linakuwa la muziki mwingine kabisa. Andika rangi hiyo, na uandike limekuwa la muziki gani. Hapo umepata maana ya rangi ya mwanzo kwa ushahidi wa macho yako, bila kukariri kitu.

Tatu, hesabu rangi na utazame zinavyopakana. Victor Moscoso, mwenzake Wilson katika mabango ya San Francisco, alisoma Chuo Kikuu cha Yale chini ya Josef Albers, mwalimu mashuhuri wa rangi. Alichukua alichofundishwa akakigeuza: aliweka rangi zinazopingana zenye mwanga unaolingana ubavu kwa ubavu, mpaka kingo zake zikaonekana kutetemeka. Bango limetulia ukutani lakini jicho linaliona likitikisika. Rangi mojamoja katika bango kama hilo haina la kusema; ujirani wao ndio unaosema.

Upande mwingine kuna Blue Note tena, ambako majalada mengi yalichapwa kwa picha ya nyeusi na nyeupe pamoja na rangi moja. Wino mchache ni nafuu. Lakini mnunuzi haoni bajeti, anaona utulivu, umakini na usiku. Hapa wanaoanza hujiuliza: basi maana ipo au haipo, kama sababu ilikuwa fedha? Ipo. Sababu ya mtengenezaji ni jambo moja na kinachosomwa na hadhira ni jambo jingine. Uchambuzi wako ni wa hilo la pili. Ukizijua zote mbili zitaje, ila usizichanganye.

Hatua ya 7: Tazama nafasi tupu na mwelekeo

Hatua hii ni fupi. Weka karatasi juu ya tangazo na uchore kwa penseli maumbo makubwa tu: pembe, miduara, mistari. Mistari iliyolala husababisha utulivu, iliyoinama husababisha mwendo, pande mbili zinazolingana huleta heshima au ibada. Utupu mwingi ni kujiamini. Tangazo lililojaa pomoni ni sherehe au ni haraka.

Mwaka 1955 Josef Müller-Brockmann alitengeneza bango la tamasha la muziki wa Beethoven katika ukumbi wa Tonhalle, Zürich. Hamna picha ya mtunzi, hamna fidla wala piano. Kuna matao meusi kwenye weupe, yakinenepa na kupanuka kuzunguka maneno machache madogo. Ni umbo tupu, lakini mtu anayelitazama anahisi sauti ikikua.

Hatua ya 8: Soma maneno na alama ndogo

Sasa soma kila kitu, hata vilivyo pembeni. Maneno ndiyo yanayoamua picha isomwe kwa upande upi kati ya pande zake nyingi. Yafunike, umuulize yule mtu asiyelijua tangazo: hapa panauzwa nini? Kisha yafunue. Tofauti ya majibu yake ndiyo kazi ya maneno.

Usidharau alama. Nembo ya lebo, nyota za wakosoaji, neno "akimshirikisha", nembo za huduma za kusikilizia, kila moja inamhakikishia mtu fulani jambo fulani. Lebo nyeusi na nyeupe ya "Parental Advisory", ambayo kampuni za rekodi za Marekani zimeitumia kwa umbo hilo tangu 1990, iliwekwa ili kuwaonya wazazi. Kijana aliiona akasoma: hiki si cha watoto, hiki ni changu. Alama moja, hadhira mbili, maana mbili zinazopingana.

Hatua ya 9: Lipange pamoja na wenzake

Toa yale matangazo matano au sita uliyokusanya. Yapange sakafuni au kwenye skrini moja, lako likiwa katikati.

Yanayofanana kwa wote ni lugha ya aina hiyo ya muziki. Muziki wa klasiki mara nyingi utakuonyesha mpigaji na ala yake, usuli uliotulia, herufi nyembamba zenye vimkia. Muziki wa kielektroniki wa kuchezwa utakuonyesha maumbo, mwanga mkali na giza, mara nyingi bila uso wa mtu. Mambo haya yanamwambia shabiki "hiki ni cha kwenu" ndani ya sekunde moja, na yana thamani hiyo tu.

Yaliyo kwenye tangazo lako pekee ndiyo kauli ya msanii huyu. Yapigie mstari. Bila hatua hii utamsifu mbunifu kwa ubunifu ambao kila mtu anautumia, na utapita kile alichothubutu kweli. Ukiona mpigaji wa klasiki ametangazwa kwa herufi zilizochanwa na rangi za kuumiza macho, au rapa kwa karatasi nyeupe na herufi ndogo nyembamba, simama hapo. Ameazima mavazi ya muziki mwingine makusudi, na mashabiki wake wanatambua kwamba kuna kitu kimebadilika kabla hawajasikia wimbo.

Hatua ya 10: Sasa sikiliza

Chukua karatasi ya hatua ya 1. Ulitarajia nini na umesikia nini? Vikipatana, eleza ni vitu gani vilivyokuongoza. Visipopatana, usiharakishe kusema tangazo ni baya. Huenda linawatafuta wasikilizaji wapya. Huenda linasema jambo kuhusu maneno ya nyimbo na si mdundo. Huenda, kweli, limekosewa; lakini sema hivyo baada ya kuyapima mengine.

Hatua ya 11: Andika, ukitaja hadhira

Kila dai liwe na sehemu tatu: kinachoonekana, kingebadilika vipi, na nani anakisoma hivyo. Huu hapa mfano, nikitumia matangazo ya iPod, kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, yaliyoanza mwaka 2003:

"Mchezaji ni kivuli cheusi kwenye usuli wa rangi moja inayong'aa. Angekuwa na sura, tungemwona mtu fulani na tungeuliza ni nani. Kwa kuwa hana, kijana yeyote anaweza kujiweka mahali pake. Kifaa na waya wake ni vyeupe, na hakuna kingine cheupe. Waya ungekuwa mweusi, kifaa kingemezwa na mwili. Kwa mpita njia wa mjini, tangazo linasema kwamba waya mweupe masikioni ni alama ya mtu anayecheza ndani kwa ndani."

Angalia kwamba hakuna sentensi inayosema "nyeupe ni usafi". Kila neno linatokana na kilichopo.

Hadhira itaje kwa jina lake: mashabiki wa zamani, wageni, wazazi, wakosoaji. "Watu" haitoshi. Ile mistari ya jalada la Joy Division ni mchoro wa mawimbi ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, pulsa (nyota inayotuma mawimbi kwa mapigo) ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1967. Anayelijua hilo anasoma ishara ya mbali angani. Asiyejua anaona milima, au mapigo ya moyo. Shabiki anaiona bendi. Wote watatu wamesoma sawasawa, ila lazima useme unamzungumzia yupi.

Ukikwama

*Naona kila kitu kina maana.* Funika kitu kimoja kimoja. Ukikifunika na tangazo halijabadilika, kiache nje ya maandishi yako. Vipengele vinne vilivyothibitishwa vinazidi ishirini vilivyokisiwa.

*Mwenzangu amesoma kinyume changu.* Linganisheni safu za kushoto. Kama hazifanani, mmoja wenu hakutazama vizuri. Kama zinafanana, mmesoma kama hadhira mbili tofauti. Andika usomaji wote na useme kila mmoja ni wa nani.

*Mtu ananiambia mbunifu hakukusudia hivyo.* Andika "tangazo linasema", usiandike "mbunifu alitaka". La pili linahitaji ushahidi wa maneno yake mwenyewe.

*Aina hii ya muziki siijui kabisa.* Ongeza matangazo ya kulinganisha yafike kumi, kisha rudia hatua ya 9. Mambo yanayojirudia utayaona hata kama husikii mdundo.

*Tangazo ni video.* Simamisha picha ya kwanza, picha ya mwisho, na ile jina linapotokea. Zichambue hizo tatu kama mabango, halafu eleza mwendo umeongeza nini kati yake.

*Ni bango langu mwenyewe, na watu hawalielewi.* Rekebisha kwa mpangilio huu: kwanza kinachotangulia, pili herufi, mwisho rangi. Wengi huanza na rangi na kuzunguka humohumo. Mpe mtu sekunde tano, mwulize aliona nini kwanza. Akitaja kitu usichotaka kitangulie, kipunguze kabla ya kukuza kingine. Maandishi yasiposomeka, pima utofauti wa mwanga wake na usuli: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa, na vipimo vya bure vipo mtandaoni. Usitenganishe vitu muhimu kwa nyekundu na kijani peke yake, kwa kuwa wanaume wapatao 8 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya Kaskazini hawatofautishi rangi hizo vizuri.

*Rangi ziling'aa kwenye skrini, zimefifia kwenye karatasi.* Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na rangi kali za skrini, hasa kijani na buluu zinazowaka, wino huo hauwezi kuzifikia. Geuza faili liwe la rangi za uchapaji tangu mwanzo wa kazi, chapa nakala moja ya majaribio, na uirudie hatua ya 6 ukiwa na karatasi hiyo mkononi.